Siasa ya Nusu Wakia: Kanuni za Posta na Haki ya Kusikika

Historia ya harakati za kisiasa, kama tunavyoifundisha vyuoni, kwa kiasi kikubwa ni historia ya majukwaa. Tunawataja wasemaji, tunazichambua hotuba, tunakadiria umati. Mara chache tunauliza swali ambalo karani angeliuliza kwanza: ujumbe ule ulimfikiaje mtu ambaye hakuwapo uwanjani, kwa bei gani, na nani aliyelipa?

Katika makala haya nataka kulichukua swali hilo la karani kwa uzito unaolistahili. Hoja yangu ni kwamba jedwali la ada za posta, pamoja na vipimo vyake vya bahasha, mipaka yake ya uzito na masharti yake ya namna ya kufunga barua, ni hati ya kisiasa sawa na katiba ya chama au ilani ya uchaguzi. Harakati kadhaa zilizofanikiwa katika karne mbili zilizopita zilifanikiwa kwa sababu, pamoja na mambo mengine, viongozi wake walilisoma jedwali hilo kabla ya kushika kalamu. Na serikali zilizotaka kuzinyamazisha hazikuhitaji daima polisi. Wakati mwingine zilihitaji kifungu kimoja tu cha kanuni kuhusu gazeti linalotoka kwa utaratibu.

Nawaandikia wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma kwa pamoja. Kundi la kwanza hujifunza kanuni hizi kama mambo madogo, la pili hukutana nazo kama kero, na la tatu huziandika. Ni vema watatu hawa wakasoma ukurasa mmoja.

Karatasi mbele ya mshumaa

Tuanze Uingereza, kabla ya mwaka 1840. Ada ya barua ilitegemea mambo mawili: umbali na idadi ya karatasi. Barua ya karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ilitozwa shilingi moja na peni moja na nusu. Ukitia karatasi ya pili, hata iwe kipande kidogo, ada iliongezeka maradufu. Bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi, na ndiyo maana watu wengi hawakuitumia: waliikunja barua yenyewe, wakaipiga lakiri, wakaandika anwani upande wa nje. Makarani wa posta waliinua barua mbele ya mshumaa ili waone kama ndani yake mna karatasi nyingine. Na kwa kawaida aliyelipa alikuwa mpokeaji, si mtumaji.

Kwa kibarua wa shambani aliyepata shilingi kumi hivi kwa wiki, kupokea barua moja kutoka kwa mwanawe aliyekwenda mbali kulimaanisha kutoa zaidi ya nusu ya ujira wa siku. Wengi walizikataa barua mlangoni.

Kanuni ikiwa hivyo, watu huibuni njia. Waliandika ukurasa kwa mlalo, kisha wakaugeuza na kuandika tena juu ya mistari ile ile, ili karatasi moja ibebe maneno ya karatasi mbili. Magazeti yaliyolipiwa ushuru wa stempu yalisafirishwa na posta bila malipo mengine, basi watu walichukua gazeti la zamani, wakatoboa kwa sindano chini ya herufi walizozitaka, na mpokeaji akaisoma habari tundu kwa tundu. Wabunge nao walikuwa na haki ya kutuma barua bure kwa kutia saini juu yake, na saini hizo ziliwafaa jamaa na marafiki zao pia. Matokeo ni kwamba tajiri mwenye mbunge rafiki hakulipa kitu, na maskini alilipa gharama ya wote wawili.

Mwaka 1837 Rowland Hill, ambaye hakuwa mtumishi wa posta, alitoa kijitabu kuhusu mageuzi ya posta. Alifanya jambo ambalo wakosoaji wengi wa serikali hawana subira ya kulifanya: alikaa na takwimu za idara na kutafuta gharama halisi. Alikokotoa kwamba kuisafirisha barua moja kutoka London hadi Edinburgh kuligharimu sehemu moja tu ya 36 ya peni. Gharama kubwa haikuwa barabarani. Ilikuwa mezani na mlangoni: kuhesabu karatasi, kupima umbali, kuandika ada, kumsubiri mpokeaji atafute fedha, kuweka hesabu ya kila senti. Kwa hiyo ada ya umbali haikuwa na msingi wa kiuchumi. Pendekezo lake likawa rahisi: bei moja kwa nchi nzima, kwa uzito badala ya idadi ya karatasi, ilipwe kabla na mtumaji.

Wafanyabiashara wa London waliunda kamati ya kumuunga mkono, na mtumishi mmoja wa serikali, Henry Cole, akawaandalia gazeti lililoitwa *The Post Circular*. Hapa ndipo mwanaharakati wa leo anapaswa kusoma polepole. Cole alilichapisha jambo lake kwa umbo la gazeti lenye stempu ya ushuru kwa sababu gazeti la namna hiyo lilibebwa na posta bila ada nyingine. Kampeni ya kuibadili posta ilisafirishwa na posta yenyewe, kwa mujibu wa kanuni za posta, kupitia mlango uliokuwa wazi siku zote. Ndani ya gazeti hilo aliweka mchoro wa gari la barua la Edinburgh: magazeti na barua za bure za wakubwa vimelijaza gari, na barua zinazolipiwa, zilizobeba gharama ya safari yote, ni kifurushi kidogo tu. Mchoro mmoja ulifanya kazi ya kurasa nyingi za hesabu.

Mwaka 1839 Bunge lilipokea maombi zaidi ya 2,000 ya kutaka mageuzi. Sheria ikapita mwezi Agosti. Tarehe 10 Januari 1840 barua isiyozidi nusu wakia, yaani takriban gramu 14, ikaanza kupelekwa popote nchini kwa peni moja; stempu ya kubandika ilianza kutumika rasmi tarehe 6 Mei. Idadi ya barua ilipanda kutoka takriban milioni 76 mwaka 1839 hadi karibu milioni 169 mwaka 1840. Haki inataka niseme pia kwamba mapato halisi ya serikali yalianguka vibaya, na yalichukua zaidi ya miaka 20 kurudi yalipokuwa. Hill alikuwa sahihi kuhusu gharama, lakini alikuwa na matumaini mno kuhusu hazina. Waingereza walilipia mageuzi hayo kwa mapato yaliyopotea, na walipata taifa linaloandikiana.

Mkate na stempu

Wa kwanza kuielewa nguvu ya nusu wakia katika siasa walikuwa wapinzani wa Sheria za Nafaka. Sheria hizo zilitoza ushuru ngano ya kutoka nje, zikawalinda wenye mashamba makubwa na kuupandisha bei mkate wa mfanyakazi. Umoja wa kuzipinga ulikuwa na makao yake Manchester, na Richard Cobden akawa sauti yake kuu.

Umoja huo ulikuwa na mambo mawili ambayo harakati za kabla yake hazikuwa nayo. La kwanza ni orodha: mageuzi ya uchaguzi ya mwaka 1832 yalianzisha daftari la wapiga kura, kwa hiyo majina na makazi ya wenye haki ya kura yalikuwa yanajulikana. La pili ni peni moja. Ukiwa na daftari na stempu, huhitaji kuwaita watu uwanjani. Unaweza kumfuata kila mpiga kura nyumbani kwake, naye akasoma bila bwana shamba wake kumwona. Katika mwaka mmoja unaoishia 1843, Umoja ulisambaza zaidi ya vijitabu na vipeperushi milioni 9, vyenye uzito wa zaidi ya tani 100. Vingine viligawiwa kwa mkono, vingine vilipita posta, na sehemu kubwa ililengwa kwa wapiga kura.

Tuitazame kazi hiyo kwa jicho la mchapaji. Nusu wakia haikupi nafasi ya kupamba. Karatasi lazima iwe nyepesi, herufi ziwe ndogo lakini zisomeke, hoja iwe fupi, na mikunjo ihesabiwe. Ukizidisha robo ya ukurasa unapita mpaka, na ada inakuwa peni mbili. Kwa mtu anayetuma barua moja, tofauti hiyo ni ya kupuuzwa. Kwa anayetuma laki moja, ni hazina nzima ya harakati. Kanuni ya uzito iliwalazimisha waandishi kuamua hoja ipi ni ya lazima na ipi ni ya kujifurahisha. Sheria za Nafaka zilifutwa mwaka 1846. Njaa ya Ireland, mgawanyiko ndani ya chama tawala na mabadiliko ya fikra za Waziri Mkuu Robert Peel vyote vilichangia, na sitaki kudai kwamba stempu ndiyo iliyozifuta. Nadai tu kwamba bila stempu, hoja ya Manchester ingekuwa hoja ya Manchester.

Posta ya Uingereza iliendelea kugawa bei kwa umbo. Mwaka 1870 ilianzisha kadi za posta na ada ya nusu peni kwa karatasi zilizochapishwa. Sharti lilikuwa kwamba bahasha isifungwe kwa gundi: ulimi wake uchomekwe tu ndani, ili karani aweze kuhakiki kwamba hamna barua ya binafsi iliyofichwa. Bahasha iliyofungwa ililipa peni nzima. Sharti hilo lilisafiri na dola. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kadi za sikukuu zilizotumwa katika bahasha wazi ili kupunguza gharama.

Moto wa Charleston

Tuvuke Atlantiki na turudi nyuma kidogo. Marekani ilikuwa na sera tofauti tangu mwanzo. Sheria ya posta ya mwaka 1792 iliweka ada ndogo mno kwa magazeti: senti moja hadi maili 100, na senti moja na nusu zaidi ya hapo, wakati barua ya karatasi moja iliweza kutozwa hadi senti 25. Waasisi waliamini kwamba jamhuri haiwezi kusimama kama raia wa mbali hawajui kinachofanyika mji mkuu.

Mwaka 1835 Jumuiya ya Marekani ya Kupinga Utumwa, iliyokuwa na makao New York na kuongozwa na watu kama ndugu wawili Arthur na Lewis Tappan, iliamua kuitumia sera hiyo. Mitambo ya chapa ya mvuke ilikuwa imeshusha gharama ya uchapaji. Ada ya chini ilikuwa ya magazeti na majarida yanayotoka kwa mfululizo; kijitabu cha mara moja kilitozwa zaidi. Basi Jumuiya haikutoa vijitabu vya mara moja. Ilitoa machapisho manne ya kila mwezi, moja kwa kila wiki ya mwezi, likiwemo moja la watoto. Majina ya wapokeaji wa Kusini, wapatao 20,000, yalikusanywa katika orodha za umma na magazeti: wachungaji, mahakimu, wafanyabiashara, wanasiasa. Mwaka 1834 Jumuiya ilikuwa imetoa nakala 122,000. Mwaka 1835 ilitoa zaidi ya milioni moja.

Mwisho wa Julai mwaka huo, meli iitwayo *Columbia* ilifika Charleston, Carolina Kusini, na magunia ya machapisho hayo. Usiku kundi la watu lilivunja ofisi ya posta na kuyachukua. Usiku uliofuata yalichomwa hadharani, mbele ya umati wa watu wapatao 2,000.

Moto wenyewe haukuwa jambo zito kuliko yote. Kilichofuata ndicho kinachonishughulisha kama mwalimu wa siasa. Postamasta wa Charleston, Alfred Huger, aliuliza afanye nini na magunia yatakayofuata. Postamasta Mkuu Amos Kendall alimjibu kwamba hana mamlaka ya kisheria ya kuyazuia, lakini akaongeza kwamba wajibu wa mtumishi kwa jamii anamoishi unaweza kuupita wajibu wake kwa sheria. Kwa maneno mengine, alimwambia afanye lisiloruhusiwa, na kwamba hakuna atakayemwajibisha. Mwezi Desemba Rais Andrew Jackson aliliomba Bunge lipitishe sheria ya kuzuia machapisho hayo Kusini. Bunge lilikataa. Tena, sheria ya posta ya Julai 1836 ilifanya kuwa kosa kwa postamasta kuzuia barua au chapisho kinyume cha sheria.

Je, wapinga utumwa walishinda? Kwenye kitabu cha sheria, ndiyo. Kwenye kaunta za posta za Kusini, hapana: maofisa waliendelea kuyazuia machapisho yao kwa kisingizio cha sheria za majimbo. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanaujua mkasa huo bila kuelezwa. Kuna sheria, na kuna barua ya mkubwa inayosema "tumia busara". Lakini kampeni ile ilipata ushindi mwingine ambao haikuutarajia. Watu wengi wa Kaskazini ambao hawakujali hatima ya mtumwa walijali posta yao. Walianza kuona kwamba utumwa haukuishia mashambani. Ulikuwa unafungua barua za watu huru.

Sharti la "utaratibu"

Mwaka 1879 Marekani iliyapanga yote yanayotumwa kwa posta katika madaraja manne. Daraja la pili, la magazeti na majarida, lilipewa bei ya upendeleo. Ili uingie humo, chapisho lilipaswa kutoka kwa utaratibu si chini ya mara nne kwa mwaka, liwe na ofisi inayojulikana, na liwe na orodha halali ya wanaolipia. Ni masharti ya busara. Bila hayo kila muuza sabuni angeliita tangazo lake jarida.

Sasa angalia yaliyotokea mwaka 1917. Marekani iliingia vitani, na Sheria ya Ujasusi ikampa Postamasta Mkuu, Albert Burleson, uwezo wa kuzuia machapisho yanayopinga vita. Jarida la kisoshalisti *The Masses* la New York, lililohaririwa na Max Eastman, lilizuiwa kusafirishwa toleo lake la Agosti. Wahariri walikwenda mahakamani, na Jaji Learned Hand akaamua kwa upande wao, ingawa uamuzi wake ulitenguliwa baadaye na mahakama ya rufaa. Wakati huo huo idara ya posta ilileta hoja ambayo ukiisikia mara ya kwanza utadhani ni mzaha. Kwa kuwa toleo la Agosti halikusafirishwa, ilisema, jarida hili halitoki tena kwa utaratibu. Kwa hiyo limepoteza sifa ya daraja la pili. Aliyelikata mguu jarida ndiye aliyelishitaki kwa kuchechemea. Kabla mwaka haujaisha *The Masses* ilikufa.

Gazeti la *Milwaukee Leader* la Victor Berger nalo lilinyang'anywa bei hiyo. Shauri lake lilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1921 iliiunga mkono serikali. Majaji wawili, Brandeis na Holmes, walipinga. Swali lililokuwa mbele yao linatuhusu bado: ikiwa serikali haikukatazi kusema, bali inakuondolea tu bei wanayolipa washindani wako, je, imekunyamazisha? Kwa gazeti linaloishi kwa senti chache kwa nakala, jibu ni ndiyo. Tofauti ya bei ni kifungo kisicho na askari mlangoni.

Orodha, mashine na umbo

Katika karne ya ishirini posta ya Marekani ilijenga uhusiano mpya na watumaji wakubwa: nitakupunguzia bei, ukinifanyia sehemu ya kazi yangu. Tarehe 1 Julai 1963 ilianzisha namba za maeneo za tarakimu tano, na kuanzia 1967 watumaji wa wingi walilazimika kuzipanga barua zao kwa namba hizo kabla ya kuzikabidhi. Mantiki ni ile ile ya Hill: gharama iko mezani, basi anayepunguza kazi ya mezani alipe kidogo.

Kanuni za sasa zinaendelea hivyo hivyo. Bei ya matangazo ya wingi inaanzia vipande 200 au ratili 50. Kipande kinachohesabiwa kuwa barua kina kimo na urefu wa chini na wa juu, na urefu ukigawanywa kwa kimo lazima uwe kati ya 1.3 na 2.5. Bahasha ya mraba, hata iwe nzuri kiasi gani, inalipa zaidi, kwa sababu mashine haijui upande upi ni wa juu. Barua ngumu isiyopindika inalipa zaidi. Msanifu asiyeyajua hayo atatengeneza kipande cha kupendeza ambacho mteja wake hawezi kukituma. Mwenye kuyajua huanza na rula na mizani, ndipo aje kwenye rangi.

Katika siasa, aliyelisoma somo hilo kwa makini alikuwa Richard Viguerie, mwanaharakati wa mrengo wa kulia. Baada ya Barry Goldwater kushindwa vibaya katika uchaguzi wa rais wa 1964, Viguerie alikwenda kwenye kumbukumbu za Bunge, ambako majina ya waliochangia zaidi ya dola 50 yaliwekwa wazi kwa mujibu wa sheria, na akayanakili kwa mkono. Alipata majina takriban 12,500. Kwa orodha hiyo alianza biashara ya barua za kuchangisha fedha iliyosaidia kuijenga upya siasa ya kihafidhina ya Marekani. Unaweza kuichukia siasa yake, na mimi sina ndoa nayo. Lakini wakati wapinzani wake wakisherehekea ushindi, yeye alikuwa amekaa na daftari la umma lililokuwa wazi kwa kila mtu.

Je, kuna njia ya haki?

Mpaka hapa msomaji anaweza kuhitimisha kwamba kanuni hizi daima humnufaisha mwenye fedha au mwenye mamlaka. Si lazima iwe hivyo. Mwaka 1918 Uingereza, katika sheria ile ile iliyowapa baadhi ya wanawake haki ya kura, iliweka utaratibu kwamba kila mgombea ubunge ana haki ya kutuma waraka mmoja wa uchaguzi kwa wapiga kura wa jimbo lake bila ada ya posta. Haki hiyo ipo hadi leo. Waraka una mpaka wa uzito, gramu 60, na lazima uhusu uchaguzi wenyewe. Mgombea bado analipia uchapaji, lakini tajiri na fukara wanapita mlango mmoja, kwa uzito mmoja.

Nauona utaratibu huu kuwa bora kwa sababu haumtazami anayesema wala anachokisema. Unatazama gramu. Karani hahitaji kuwa na maoni, anahitaji mizani. Kanuni nzuri ya posta ni ile ambayo karani mwoga na karani jasiri wataitekeleza vivyo hivyo.

Nasi je?

Kwetu Afrika Mashariki barua ya mlangoni haikuwahi kuwa chombo kikuu cha siasa. Posta zetu zilijengwa juu ya sanduku, si nyumba: S.L.P. ya shule, ya ofisi, ya parokia, ya duka la Mhindi. Tanzania imefanya kazi kubwa ya anwani za makazi na postikodi, hasa kuelekea sensa ya 2022, lakini mwananchi wa kawaida hafikiwi kwa bahasha. Anafikiwa kwa simu. Barua yetu ya wingi ni ujumbe mfupi.

Na ujumbe mfupi una nusu wakia yake. Ujumbe mmoja una herufi 160. Ukizidi, unagawanywa na kutozwa kama jumbe mbili au zaidi, sawa na karatasi ya pili mbele ya mshumaa. Kuna jambo jingine ambalo wanaharakati wengi hawalijui. Herufi 160 zinapatikana tu kama alama zote zimo katika orodha ya kawaida ya mitandao ya simu. Ukiweka alama moja isiyokuwamo, kama vile kikaragosi, mpaka unashuka hadi herufi 70. Ritifaa iliyonyooka imo katika orodha. Ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, haimo. Kwa hiyo asasi inayowaandikia wafugaji kuhusu chanjo ya ng'ombe, ikinakili maandishi hayo kutoka kwenye kompyuta bila kuangalia, inaweza kulipia jumbe tatu badala ya mmoja kwa kila mpokeaji, kwa sababu ya kijialama kimoja juu ya neno moja la Kiswahili. Zidisha mara elfu hamsini, kisha uniambie kama hilo ni dogo.

Kanuni nazo zipo. Kenya, kabla ya uchaguzi wa 2017, ilitoa mwongozo kwamba ujumbe wa kisiasa wa wingi uwasilishwe kwanza kwa kampuni ya simu saa 48 kabla ya kutumwa, na uwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Sababu yake tunaijua na tunaiheshimu. Hakuna aliyesahau yaliyotokea baada ya uchaguzi wa 2007. Hata hivyo mwalimu wa historia hana budi kuuliza maswali ya Charleston na ya *The Masses*. Nani anahakiki, kwa kipimo gani, na akikataa, rufaa inakwenda wapi? Bibi asiyejua Kiswahili wala Kiingereza anasikia siasa kwa njia ipi? Aidha, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinatukumbusha kwamba orodha ya majina ni amana. Aliyoyafanya Viguerie kwa kalamu na daftari, leo yanaweza kufanywa kwa dakika moja na mtu asiye na haki ya kuyafanya.

Kwa wanaharakati nasema: kabla ya kuandika ujumbe, someni kanuni za chombo mtakachotumia, bei zake na mipaka yake, kisha andikeni kwa kipimo hicho. Kwa wanafunzi: mnapotafuta mada za utafiti, msizidharau kumbukumbu za ofisi za posta na mawasiliano, jedwali la ada za mwaka fulani linaweza kuwafundisha mengi kuhusu mamlaka kuliko hotuba kumi za mwaka huo. Na kwenu watumishi wa umma, mnaokaa jioni mkiandaa rasimu ya kanuni ambayo hakuna atakayeisoma hadi imuumize: andikeni kifungu ambacho mngekubali kitekelezwe na mpinzani wenu siku atakapokalia kiti chenu. Pimeni uzito. Mkianza kupima maoni, mtakuwa mmewasha moto ambao hamtauzima ninyi.